Msahafu Hauapiwi Ng'ombe

Askari jela alimmiminia Hamdun maji ya udhu, kisha karani wa wakili akautoa msahafu kwenye kitambaa chake cha kijani.

"Ndia ni hii tu," karani akasema. "Mtu aliyekiri kosa hakati rufani hivi hivi. Apa kwamba ulikiri kwa hofu, na kwamba ng'ombe hukumwiba."

"Sikumwiba."

"Najua. Sema hivyo mkono wako ukiwa hapa."

Hamdun aliutazama mkono. Maji yalimchuruzika kwenye vidole, yakadondokea sakafu ya ngome iliyogeuzwa jela. Hofu yenyewe ilikuwa hii hii. Kule Kizingitini alikokamatwa, polisi walimwambia kwamba akikana mashtaka hakimu atamshikisha msahafu. Kwa hivyo akakiri, maana mamake alimlea akijua kwamba msahafu hauapiwi mali ya dunia. Kiapo hula watoto, hata kiapo cha mwenye haki.

Mkewe alikuwa amekaa ubavuni mwa karani, amempakata mtoto wao.

"Shika, mume wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Miaka mitano ni mingi. Na wewe una haki."

"Babangu naye alikuwa na haki. Aliapa, na mwaka haukwisha tukamzika ndugu yangu."

Karani aliusogeza msahafu karibu zaidi. Hamdun akanyoosha mkono. Ukapita juu ya msahafu bila kuugusa, ukatua kwenye utosi wa mtoto, nywele zikalowa.

"Mpeleke nyumbani," akamwambia mkewe.