Mama Anasoma Ubao

"H, N, K," mama alisoma bila kusita, na daktari wa macho akaandika.

Nilikuwa nimeketi kando yake. Mapokezi walinieleza wazi kwamba bima ya wazee inalipia upasuaji wa mtoto wa jicho kwa yule tu asiyeona vizuri. Anayeusoma ubao mpaka chini anarudishwa nyumbani na dawa ya matone.

Mama yeye alikuwa na sheria yake ya bima, aliyofundishwa jana na jirani yetu mshona nguo, mwenye jibu la kila kitu: "Shoga, wale wa bima hawapotezi hela kwenye jicho lililokufa. Waonyeshe bado unaona!"

Basi tulipokuwa tukisubiri zamu, wenzetu wote wa kwenye foleni walisoma ubao huo kwa sauti nyuma ya pazia, na mama, ambaye asubuhi alimimina chai pembeni ya kikombe, midomo ilikuwa ikimcheza. Nikadhani anasali.

"Hongera, mama! Macho ya msichana hayo," daktari alisema. "Bado mstari wa mwisho."

"Huo ndio mtamu, mwanangu," mama akacheka. Juu ya mkoba, kidole gumba kilikuwa kikihesabu pingili za vidole vyake.

Nikisema haoni, atakana na kuninunia mwaka mzima.

Nikainuka, nikaenda kusimama mbele ya ubao, nikaufunika wote kwa mgongo.

"R," mama akasoma, uso umeelekea kifuani kwangu. "D. V. Z."