Kaburi la Uongo

Frednand alisimika msalaba juu ya kaburi lisilo na mtu, akajifuta jasho, kisha akamwomba mkewe alie kidogo.

"Lia mwenyewe," Esperansia akamjibu, akarudi jikoni.

Ilikuwa 1995. Kuni za kambi ya wakimbizi, na zetu wenyeji pia tusijitoe, zilikuwa zimemaliza miti ya kilima cha Kirushya. Kila mvua iliponyesha, korongo lilipanda kutoka bondeni likimega mashamba. Kamati ya matumizi ya ardhi ikaamua: ukanda wote wa juu ya korongo usilimwe tena, yachimbwe makinga maji na kupandwa miti. Migomba ya Frednand ilikuwa katikati ya ukanda huo. Ila kwetu watu huzikwa kwenye migomba yao, na kamati ilishasema shamba lenye kaburi halitaguswa.

Bwana shamba Gozbert alipoliona tuta la udongo mbichi akavua kofia.

"Pole, mzee. Ni nani?"

"Mjomba wangu wa Nyantakara. Kuhara damu. Tulimzika upesi, hatukuita watu."

Makinga maji yakachimbwa kulia na kushoto. Shamba la Frednand likarukwa.

Aliyelijali kaburi lile ni Ishimwe peke yake, mama kijana wa kambini aliyepita hapo akitafuta kuni. Alipiga magoti, aking'oa magugu. Frednand alipomkuta aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Shikamoo, baba. Huyu mzee wenu alipenda watoto?"

"Marahaba. Alipenda sana."

Ishimwe akamshukuru, tena kwa mikono miwili. Frednand akaanza kupita njia nyingine.

Aprili maji yakapita palepale pasipokingwa. Yalichana shamba la Frednand pembeni, yakageukia kwa jirani yake Kalista, mjane, yakabeba jiko na mbuzi wake wote. Na Kalista, badala ya kulilia mbuzi, alikuja kumpa pole yeye.

"Korongo likimfikia mjomba wako itakuwaje, Frednand? Mimi jiko nitajenga."

Frednand alijiona mtu wa hovyo, na alikuwa mtu wa hovyo kweli.

Asubuhi akaiita kamati nzima shambani.

"Niliwadanganya. Humu hamna mtu. Chimbeni makinga maji mpaka mlangoni kwangu."

Watu wakaguna. Gozbert akamtazama kwa huruma, akidhani uchungu wa msiba umempanda kichwani. Basi Frednand akang'oa msalaba, akashika jembe awaonyeshe. Akapiga pigo la kwanza, la pili. Udongo mtupu.

"Mnaona?" akasema, kama mwenye furaha, akainua jembe tena.

Njiani mzigo wa kuni ukaanguka. Ishimwe alikuja mbio, akawapita wanakamati, akajitupa kifudifudi juu ya tuta.

"Mzee wenu mhamisheni, baba," alilia, amekumbatia udongo. "Mwanangu mniachie."