Mtakatifu wa Nyumba ya Gojko

"Huu mkate uliugua?" mzee Gojko aliuliza hata kabla ya kuvua koti.

Msalaba uliochorwa juu ya mkate ulikuwa umekwenda upande. Jasna, mwenye nyumba, akacheka kwa aibu. "Mwaka jana uliungua, babu. Huu angalau umeiva."

"Umeiva kama pua ya mlevi."

Hakuna aliyemwalika. Sikukuu ya mtakatifu wa nyumba, mlinzi wa ukoo, haina mwaliko. Mlango huachwa wazi na ajaye huketishwa. Gojko alizaliwa katika nyumba hii ya Bosnia. Vita vilimfukuza, akaiacha mikononi mwa baba mzazi wa Elvir, huyu mume wa Jasna. Tangu hapo, kila siku ya Mtakatifu Joji, hupanda basi kutoka Serbia kuja kukagua. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mgeni huyu, mwenyeji hakuwahi kupona.

Ngano ya kuchemsha ilizidi sukari. Picha ya mtakatifu, ambayo mahali pake ni mashariki, ilitundikwa ukuta wa magharibi, kana kwamba jua huchomoza jikoni. Na Elvir, mwanamume mzima, alimmiminia mgeni raki, pombe kali ya kwao, yeye akajishikia kahawa!

"Mwanamume gani wewe? Baba yako hakukufundisha kitu?"

"Alinifundisha kuheshimu wageni. Kula, babu."

Gojko akala, mshumaa wa mtakatifu ukiwaka mezani. Kinywa kilitukana, mkono ukachota.

Moyoni alikuwa na donda moja. Ukoo ambao mshumaa wa mtakatifu wake hauwashwi tena ni ukoo uliokufa, na mwanawe wa pekee, bwana mkubwa wa Viena, kila mwaka humtumia picha ya mshumaa kwenye simu. Mshumaa wa simu! Na yeye mzee pumzi zimeanza kumkatika.

"Nikifa, nani atauwasha?" aliuliza ghafla.

"Sisi," akasema Elvir.

"Nyinyi! Msiojua hata kukanda unga!"

"Tutajifunza. Mbona ngano umemaliza sahani mbili?"

Mzee akavuta sahani ya tatu.

Nje ikasikika adhana ya alasiri. Jasna akajitanda mtandio. Elvir akavaa kofia yake, akakunja mikono ya shati.

"Tunaswali mara moja, babu," akasema. "Huo mshumaa wa mtakatifu wako uangalie, usije ukazimika."