Kiganja cha Saa Tisa

Saa nane na dakika arobaini mchana, fundi friji alizima televisheni, akainama nyuma yake na kuanza kuikanda kwa barafu kama mtu anayemkanda mgonjwa wa homa.

Barafu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya taulo kavu, maana maji na umeme havipatani na yeye si mjinga. Feni ndogo ilikuwa inapuliza kutoka upande wa pili. Jua lilimchoma mgongoni, kwa sababu siku hizi binti yake alikuwa na tabia ya kuacha pazia wazi akienda shule. Jasho lilimtiririka hadi ndani ya ovaroli. Hakujali, mradi televisheni ipoe.

Alibakiwa na dakika ishirini. Saa tisa kamili binti angeingia, na kabla hata ya kuvua viatu angeweka kiganja nyuma ya televisheni, kama alivyofanya kila siku kwa wiki tatu. Kiganja kikikuta joto, fundi kaumbuka.

Na ubaya ni kwamba sheria aliitunga mwenyewe. Gemu la mpira waliletewa na shangazi mtu wakati wa sikukuu, na likizo nzima baba na binti hawakubanduka mbele yake. Timu yao ilikuwa moja, pedi ya kuchezea wakipokezana, na walifungwa mpaka wakashika mkia wa ligi. Likizo ilipoisha, baba akakumbuka kuwa yeye ni baba. Binti alibakiwa na wiki tatu za mtihani wa kumaliza shule. Fundi akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, akaibandika kwenye mlango wa friji: HAKUNA KUGUSA GEMU MPAKA MTIHANI UISHE. ATAKAYEVUNJA ATANYANG'ANYWA MASHINE, NA ITAKUWA MALI YA MWENZAKE ALIYEVUMILIA.

"Hata wewe, Baba?"

"Hata mimi! Kwani mimi ni nani?"

"Basi weka sahihi."

Akaweka. Mama, ambaye ni mkunga na hana muda na mambo ya mpira, akasaini kama shahidi.

Alivumilia siku nne, tena kwa shida. Ijumaa mchana, mke akiwa kazini na binti shuleni, alitoka karakana yake iliyo nyuma ya nyumba akaja kula. Mkono wa kulia ukala, wa kushoto ukashika pedi. Jamani, timu ilikuwa mkiani! Mtu mzima na akili zake angepataje usingizi?

Tangu hapo ikawa mechi mbili kila mchana, kisha barafu. Timu ikatoka mkiani, ikapanda katikati, ikaingia nne bora, zile zinazogombea kombe kwa mtoano. Na kama binti angekuja kuuliza imepandaje, uongo ulishaandaliwa: mashine za siku hizi zikiachwa hujichezea zenyewe.

Binti hakuuliza kitu. Alishika televisheni, akasema "Baridi," akaenda zake kusoma. Ila wakati mwingine, wakiwa mezani, alitupa swali la juu juu.

"Baba, kwa mfano tu. Ungekuwa kocha, yule beki mzito ungebaki naye?"

"Ningeshamuuza zamani!" Kisha akakohoa. "Yaani, kwa mfano."

"Na yule kipa?"

"Mwanangu, soma. Mtihani hauulizi habari za makipa."

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Binti alikuwa anamalizia sayansi, na timu ilikuwa fainali. Kuanzia jioni gemu lingekuwa la wote tena, na fundi angekufa na kihoro kama mechi hiyo angeicheza mwingine. Aliicheza hadi mwisho, ndipo akashika barafu.

Saa tisa kasoro dakika mbili alimwaga barafu kwenye sinki, akaanika taulo, akarudisha feni pembeni. Mlango ukafunguliwa. Binti aliingia na mama yake, aliyekuwa amebadilishana zamu ili akampokee shuleni.

Kiganja kikaenda nyuma ya televisheni.

"Baridi," binti akasema.

Fundi aliangua kicheko cha mtu aliyevuka salama. "Si nilikwambia? Wiki tatu! Baba yako ni jiwe."

"Mama, hebu njoo na wewe ushike."

Mama akashika. "Baridi kweli. Hongera, mume wangu."

"Sasa shika meza yake."

Mama akagusa meza, akautoa mkono haraka. "Mh! Ya moto."

"Shika ukuta. Shika na kitambaa."

Vyote vilikuwa vya moto.

"Jua linapiga hapa tangu saa sita," binti akasema. "Kila kitu humu kimeiva. Televisheni peke yake ndiyo imetoka kwenye friji?"

Mama akaitazama mikono ya ovaroli ya mumewe, iliyolowa hadi kwenye viwiko. Fundi akaificha nyuma ya mgongo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa ameingia kichwa kichwa.

"Umejua tangu lini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Tangu Ijumaa ile ya kwanza."

"Siku zote hizo unanitazama tu, mtoto wewe! Mbona hukusema?"

Binti alikuwa ameshachomoa nyaya na kuikumbatia mashine, anaelekea nayo chumbani kwake.

"Ningesema Ijumaa ile, Baba, nani angetutoa mkiani?" Akageuka mlangoni. "Haya, niambie. Kombe tumebeba?"