Mpunga wa Juliet

Itangazwe kwa umma wote, kutoka Kilima cha Arua hadi soko la Koboko: Obitre wa kidato cha tatu ameiokoa sayansi. Umma haukusikia. Ulikuwa kwenye foleni ya posho.

Sayansi yenyewe ilikuwa kitalu cha mpunga nyuma ya jiko la shule, na mwenye kitalu alikuwa Juliet, mwanafunzi wa kidato cha juu. Mbegu alipewa na Kasereka, mtafiti kutoka Kongo. Mpunga wa utafiti hugawiwa bure kwa yeyote anayeuomba, naye huahidi kumrudishia mwenzake akiishiwa. Sasa Kasereka alikuwa ameishiwa. Umeme ulikatika, friji yake ikageuka jiko, mbegu zote zikaota ukungu. Za Juliet ndizo pekee zilizobaki.

Na Juliet alikuwa amelazwa Koboko kwa malaria, hata kuinuka hawezi. Akampigia Obitre, aliyemwachia kitalu, kwenye simu ya matroni.

"Obitre, mpunga yangu iko namna gani?"

"Iko muzuri, dada."

"Wewe! Wacha utundu. Fukuza ndege tu. Usiiguse."

Lile "iko muzuri" lilikuwa uongo. Mpunga wa majirani ulifika magotini. Wa Juliet ulikwama kwenye kifundo cha mguu. Obitre aliumwagilia maji. Aliutia mbolea. Aliuombea kwenye ibada ya asubuhi, akimkazia macho kasisi kana kwamba kosa ni lake. Haukusogea. Kila jioni alichuchumaa kando yake, hana la kufanya.

Kwao Ajia, shamba la mgonjwa haliachwi lifie mikononi mwake. Majirani huingia wakalisimamisha. Jumamosi Obitre alikwenda nyumbani, akarudi kwa boda na gunia lililolowa. Jumapili mpunga wa Juliet ulikuwa magotini. Wanafunzi wakaita muujiza. Obitre akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

Wakati wa mavuno Juliet alirudi, amekonda, akiwa na Kasereka. Mtafiti akapiga magoti kitaluni, akashika suke, akaliachia.

"Hii haiko yangu."

"Imekua tu, mzee," akasema Obitre.

"Yangu hairefuki! Ile ufupi ndiyo tunachunguza, dunia nzima. Mutu gani aliing'oa?"

Juliet alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akaishia kwangu.

Obitre ni mimi. Mpunga ule mfupi niliwapa mbuzi wa mpishi.