Bata Akataa Mawimbi

Bata, mjuaji wa kila jambo la maji, alipata oda ya nyanya kutoka kwa Kima wa kisiwani. Akaenda kwa Panya, muuza maboksi.

"Chukua hili," Panya akamwambia. "Karatasi yake ina mawimbi ndani."

"Mzigo unavuka bahari, nawe unaniongezea mawimbi? Nipe lile laini linalong'aa!"

"Bibi Bata, mikunjo hiyo ndiyo inayolipa boksi nguvu..."

"Umezaliwa shimoni, utanifundisha mawimbi mimi?"

Melini boksi la Bata likawekwa chini, mengine yakapangwa juu yake.

Kima akapiga simu. "Nyanya zimefika rojo!"

"Nilijua! Mawimbi hayo!"

"Mawimbi gani? Bahari ilikuwa shwari. Yalikosekana kwenye boksi lako tu."