Nyuzi Nyeusi kwenye Nepi

Nepi chafu ilikuwa ndani ya kopo la siagi, na kopo lilikuwa mikononi mwa Bibi Dominika. Hakulitua tangu kulipokucha. Hata juu ya bodaboda, kwenye vumbi lote lile la Newala, alilikumbatia.

"Twende tukaambiwe wote," alisema. "Juzi kinyesi cha njano safi, leo nyuzi nyeusi! Mjukuu wangu kabemendwa. Mama yake katoka nje ya ndoa, basi!"

Maneno hayo hayo alimwambia mwanawe Nickson kwa simu, na Nickson akafunga duka lake Masasi akaja mbio. Nesi wa zahanati akikubali tu kwamba mtoto kabemendwa, Claudia mkewe anarudi kwao Chiungutwa na mtoto anabaki kwa bibi yake. Walishaamua, mwenyewe hata hakuulizwa.

Kwenye benchi la zahanati Claudia alimpakata mwanawe Apolinari, aliyekuwa amelala. Alijijua hana kosa, lakini moyo ulikataa kutulia. Siku hizi akitoka kuokota korosho, akirudi anamkuta Apolinari hana hata hamu ya ziwa. Mtoto wa miezi mitatu! Hilo lilimtisha kuliko matusi.

"Kunyonya kwenyewe anagoma," bibi alimwambia nesi kabla hajaulizwa. "Akilia, mie tu ndiye namnyamazisha."

Nesi Bibiana akafungua kopo, akachungulia.

"Anakula nini?"

"Ziwa tu, sista," Claudia akajibu.

"Ziwa tu!" bibi akadakia. "Nimelea tisa mie, masharti yenu nayajua."

Nesi akacheka. "Jamani, hakuna aliyebemendwa hapa. Nyuzi hizi ni za ndizi mbivu. Nani anampa?"

Nickson akamgeukia mkewe, macho yamemtoka. "Kumbe unamlisha ndizi, unanificha?"

"Haki ya Mungu, Baba Apolinari, sijampa!"

Kelele zikamwamsha mtoto, akaangua kilio. Claudia akamtolea ziwa. Mtoto akageuzia uso kando, akazidisha kulia.

Bibi Dominika akampokea upesi, kama kila siku, na mkono mwingine ukafungua pindo la khanga. Kabla bibi hajakumbuka yuko wapi, Apolinari alishanyamaza, kaachama, macho yote kwenye kijiko mkononi mwa bibi yake.